Websaiti Ni Kazi ya Dakika Kumi? Basi Mlipeni Chalii Wangu Kwanza



Wiki iliyopita kuna klipu imezunguka kwenye magrupu mpaka nimeletewa na shangazi yangu wa Usa River, ambaye kwa kawaida hutuma dua na matangazo ya misiba tu. Kwenye hiyo klipu yupo staa mmoja wa mitandao. Jina simtaji maana sina hela ya wakili, lakini mkikumbuka kochi jeupe na kikombe kikubwa cha chai mtajua namsema nani. Amekaa anawashauri vijana. Anasema mzazi anayelipa ada ili mtoto akasomee kutengeneza websaiti anaibiwa mchana kweupe. Eti siku hizi unaiambia akili mnemba unataka nini, unaenda kuchemsha chai, ukirudi dakika kumi kitu kiko hewani.

Komenti zikajaa makofi. "Ukweli mtupu dada." "Vyuo vinatuibia." Shangazi naye akaniandikia chini yake: "Mwanangu, si ndiyo hii uliyosomea?"

Ndiyo hiyo shangazi. Na nina mambo mawili ya kusema. Moja, staa hajakosea kila kitu. Pili, websaiti ya duka lake la nguo, ile yenye pinki mpaka macho yanauma, namjua aliyeitengeneza. Tulikaa naye mashine moja chuoni. Nitafika huko, tulieni.

Mama yangu anauza ndizi Tengeru, soko la Jumatano na Jumamosi. Ndizi zinashuka kutoka Akheri na Nkoaranga, yeye ananunua mkungu, anauza mkungu, akibahatika anauza kwa vichane maana hapo faida inasogea. Wakati naingia chuo mwishoni mwa 2023, faida yake kwenye mkungu mmoja ilikuwa kama elfu mbili. Ada ya mwaka laki nane na nusu. Pigeni hesabu: ni mikungu 425. Nikisikia mtu mwenye kochi jeupe anasema "hela imepotea", mimi naona mikungu 425 imepangwa mstari kutoka Tengeru mpaka Mnara wa Saa.

Mama mwenyewe hakuelewa nasomea nini. Jioni moja nikamwambia kwa furaha, "Mama, leo tumeanza kuandika kodi." Akaacha kumenya ndizi, akaniangalia. "Kodi ya nani mwanangu? Umeshaingia TRA?" Nikamweleza kwamba kodi hii ni maandishi ambayo kompyuta inayasoma. Akasema sawa. Mpaka leo kuna majirani wanapunguza sauti nikipita dukani kwao.

Chuo chenyewe sikitaji, kiko hapa hapa mjini. Maabara ilikuwa na kompyuta 14 zinazowaka, sisi tuko 43. Kwa hiyo watu watatu mashine moja: mmoja anashika mausi, mmoja kibodi, wa tatu anashika roho. Mimi nilishika roho wiki tano. Machalii waliosoma shule zenye kompyuta ndio walishika mausi, sisi wengine, wasichana hasa, tulishika daftari. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa, na mwalimu hakuona shida.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole na aliyejitahidi, simlaumu yeye. Namlaumu yeyote aliyempa zile notisi. Tulifundishwa kugawa ukurasa kwa fremu, kile kitu cha zamani ambapo menyu inakaa dirisha lake na maelezo dirisha lake. HTML5 ilipopitishwa rasmi Oktoba 2014, fremu za namna hiyo zilitupwa nje. Sisi tulikuwa tunazikariri 2024. Tena mtihani tulifanya kwa kalamu! Unaandika ukurasa wa websaiti kwenye karatasi yenye mistari, mwalimu anasahihisha kwa macho. Nilikatwa alama mbili kwa sababu mkwaju wangu wa kufungia tegi ulionekana kama namba moja. Kuna mwenzetu mmoja mwenye mwandiko mzuri alipata A na nina hakika hakuwahi kuhifadhi faili hata moja.

Kwa hiyo hapo staa anayo pointi, nampa. Sasa sikilizeni upande ambao hakuusema.

Wiki ya sita aliyekuwa anashika mausi aliugua malaria. Nikakaa mbele. Nikafungua Notepad, nikaandika mistari kama saba, nikahifadhi, nikaufungua ukurasa kwenye Chrome. Juu kushoto pakatokea maneno "Karibu Tengeru", meusi kwenye weupe, mabaya kama tangazo la mnada. Nilikaa naliangalia. Nikabadilisha neno moja, nikahifadhi, nikarudi Chrome, na lenyewe limebadilika. Najua wengine mtaona hiki ni kitu kidogo. Ila mimi nimekulia kwenye simu, na mpaka siku ile kila kilichokuwa ndani ya simu kilikuwa kimetengenezwa na watu wengine, mahali pengine. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna maandishi nyuma yake, na kwamba maandishi hayo yanasomeka.

Halafu ikaja ile Mei 2024, mnaikumbuka? Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa ya kuokoteza Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Jumatatu tukafika maabara. Wenzetu waliokuwa wamehamia kwenye zile huduma za kuburuta vipande na kupanga, walikaa wanaangalia kiduara kinazunguka. Sisi wa Notepad tukaendelea na kazi, maana ukurasa wa HTML ukiwa kwenye mashine yako Chrome inaufungua bila bando wala mnara. Siku hiyo ndiyo nilielewa mwalimu alikuwa anatushikilia kwenye Notepad kwa nini. Hakuwahi kutueleza, lakini alikuwa sahihi.

Na akili mnemba naitumia, nisiwadanganye. Majuzi iliniandikia fomu ya kuweka oda ya safari ndani ya nusu dakika. Fomu safi, kitufe cha kijani, ukikibonyeza inakuambia asante, ujumbe wako umepokelewa. Nikasoma kodi. Ujumbe ulikuwa hauendi popote! Fomu ya HTML peke yake haitumi barua, lazima upande wa pili kuwe na kitu kwenye seva cha kuupokea na kuupeleka. Asiyejua kusoma angeona kitufe kizuri, angemkabidhi mteja, na mteja angekaa mwezi mzima anajiuliza watalii mwaka huu wamekwenda wapi. Hizo ndizo dakika kumi za kwenye kochi.

Ila msinione mjanja sana, na mimi nilishaharibu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwongoza watalii wa Ng'iresi, kule juu kwenye miteremko ya Meru. Wale wanaotembeza wageni mashambani, wanawaonyesha kahawa, maporomoko ya maji na chakula cha nyumbani. Tulikubaliana laki na nusu, bei ya kirafiki, na mtu akikuambia bei ya kirafiki jua rafiki ni wewe peke yako. Akanipa picha 12 ambazo mgeni mmoja wa Ulaya alizipiga kwa kamera kubwa. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba sikutaka kuzigusa. Nikaziweka zote ukurasa wa mbele kama zilivyo. Kwenye kompyuta ya chuo zilifunguka fasta, maana faili lilikuwa humo humo ndani ya mashine. Nikajiona nimemaliza.

Yeye akaenda kuifungua kijiweni Mianzini, mbele ya wenzake, kwa simu yake. Skrini nyeupe. Akasubiri. Nyeupe. Akafunga, akafungua tena. Baada ya muda nikapata voisi: "Dada, hii websaiti yako imekula bando langu lote na sijaona hata mlima." Nyuma yake nasikia vijana wanacheka.

Kila picha ilikuwa na MB 6. Mara 12, MB 72. Mtu wa Mianzini anunue bando ili aone tangazo lake mwenyewe. Na hata picha zilipotokea, maneno yalikimbia kulia nje ya skrini, kwa sababu nilifuata notisi, na notisi zilisema upana wa ukurasa ni 1024. Hizo notisi zilijua kompyuta ya mezani peke yake. Ethan Marcotte alishaandika 2010 jinsi ya kufanya ukurasa mmoja ujipange wenyewe kulingana na skrini, na dunia nzima ikamfuata. Kwetu hiyo mada ilikuwa imebaki kwenye orodha ya "mwanafunzi ajisomee".

Nikajisomea kweli. Usiku, bando la usiku, W3Schools na YouTube, kichwa ndani ya blanketi ili mwanga usimwamshe mama. Picha nikazipunguza upana na uzito mpaka KB 150 kila moja. Zote 12 hazifiki MB 2, na mlima ni ule ule. Nikaongeza ule mstari mmoja unaoiambia simu isome upana wake yenyewe. Baada ya siku nne yule kaka akafungua tena kijiweni, ikafunguka kabla hajamaliza kujisifia. Laki na nusu akalipa yote, na bando nikamrudishia.

Mnaweza kusema: si YouTube hiyo iliyokufundisha, chuo cha nini? Nimejiuliza sana hilo. Jibu langu ni kwamba nilielewa yale mafundisho ya usiku kwa sababu nilishajua tegi ni nini, faili linakaa wapi, kosa linatafutwaje. Wengine wanajifunza hata hayo peke yao na nawavulia kofia. Mimi nisingeweza. Sikuwa na laptopu, sikuwa na mtu wa kumuuliza, na nyumbani umeme wa Luku ulikuwa unanunuliwa kwa kuhesabu. Zile kompyuta 14 mbovu mbovu ndizo kompyuta pekee ambazo mimi ningezifikia.

Sasa turudi kwenye kochi.

Chalii niliyekaa naye mashine moja anatoka Kwa Mrombo. Mkimya, mwenye jicho la rangi ambalo mimi sina. Mwaka jana akapata dili la kuitengenezea websaiti duka la nguo la huyo huyo staa. Makubaliano laki sita, advansi laki mbili. Hakuna karatasi, ni voisi tu, tena ya kuondoka akishasikiliza mara moja. Akafanya wiki tatu. Pinki ikabadilishwa mara tisa. Saa tano usiku anapigiwa simu kwamba kitufe kimesogea. Domeini akalipia yeye, seva akalipia yeye, kwa ahadi kwamba "tutaweka sawa mwishoni".

Websaiti ikaenda hewani. Staa akaposti, mafolowa wakashangilia, nguo zikauzwa. Laki nne iliyobaki ikawa kimya. Meseji zinasomwa, hazijibiwi. Baada ya miezi miwili chalii akachoka, akaizima siku moja, akaweka ukurasa unaosema samahani, tuko kwenye matengenezo. Basi! Staa akaingia laivu analia kwamba kuna kijana wa Arusha anamhujumu biashara, watu wakamtafuta chalii mpaka kwenye akaunti ya dada yake kumtukana. Akairudisha hewani siku hiyo hiyo. Mpaka leo anadai, na seva bado analipia yeye.

Hapa najua tutagawanyika, na komenti zangu nazijua. Mimi nasema kuizima alikosea. Kulikuwa na wateja walioshalipia magauni na hawakuweza kuona oda zao zimefikia wapi, na wao hawakumdhulumu mtu. Angeweza kuacha kufanya marekebisho, angeweza kudai mapema, angeweza kutoikabidhi kabisa kabla ya hela kuingia. Lakini nikiwaza zile simu za saa tano usiku, sijui kama mimi ningesubiri hata hiyo miezi miwili. Nyie mngefanyaje?

Ndiyo maana ile klipu haikunichekesha. Mtu anayedaiwa laki nne ndiye anayetangaza kwamba kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Kazi ya dakika kumi nani ataidai laki nne? Sasa hivi kila mteja ninayemtajia bei ananitumia hiyo klipu. Mwenye gesti, mwenye saluni, kampuni ya safari yenye Land Cruiser sita uani. Wanaituma na kicheko pembeni, halafu wanasema elfu hamsini. Maneno ya staa yameshuka mpaka kwenye bei yangu, na bei yangu ndiyo ile mikungu.

Chuo nacho kina kesi hapa, hakichomoki. Mwaka mzima hakuna siku tuliyofundishwa kutaja bei. Hakuna aliyetuambia uandike makubaliano hata kwenye meseji, wote wawili mkubali, uchukue nusu kwanza. Hakuna aliyetuambia domeini iandikwe kwa jina la nani, wakati ugomvi mwingi ninaousikia hapa mjini unaanzia hapo. Tumetoka na cheti na aibu. Chalii alinambia alipotaja laki sita alikuwa anatetemeka, na staa aliposema "sawa" haraka haraka akajua ametaja kidogo.

Mimi ningekuwa mwenye chuo, ule mtihani wa kalamu ningeuchana. Ningempa kila mwanafunzi mtu mmoja wa kweli, mama lishe wa Soko Kuu au fundi wa viatu, wiki tatu. Siku ya mtihani mwalimu anakuja na simu ya bei rahisi na bando la MB 50, anaufungua ukurasa pale pale sokoni juani. Ukifunguka na mama lishe akasema namba ya simu ni yake na bei ni zake, umefaulu. Ukimla bando, rudi mwakani. Na makubaliano ya bei nayo yawe na alama zake.

Na sisi tuliosoma tusijifanye malaika. Tunabeba templeti ya mtu tunabadilisha nembo, tunadai kazi ya mwezi. Nimeona kampuni za safari kumi zenye simba yule yule, mkia ule ule. Nimeona moja, Mungu ni shahidi, inauza safari ya Serengeti kwa picha ya chui milia. Chui milia, jamani! Mnyama wa Asia! Mtalii akiona hivyo anafunga ukurasa, mwenye kampuni anasema websaiti hazina faida, na mwakani anamtafuta wa elfu hamsini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tengeru kumsaidia mama kupanga. Siku hizi ana simu janja, na kila anayesimama mezani kwake anaonyeshwa ile websaiti ya Ng'iresi kabla hajaulizwa anataka ndizi gani. Jirani yake wa nyanya, ambaye kijana wake amefungua gesti huko Usa River, akaishika simu, akasogeza picha kwa kidole chenye udongo, akaniuliza mimi, "Mwanangu, ya hivi unatengeneza shilingi ngapi? Maana nimeona kwenye klipu ni dakika kumi tu."

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Laki nne," akasema, hata hakuinua macho kwenye mkungu. "Nusu kwanza. Na anaandikisha."

Jirani akacheka, akasema atamwambia kijana wake. Leo asubuhi kijana amepiga.